Shali ya Mama Inayoanzia Shingoni

Ifakara mtu akikwambia anasikia baridi, unamgusa kwanza paji la uso. Ndivyo nilivyomfanyia mama mwezi wa nne mwaka ule, nikakuta hana homa yoyote. Hata hivyo alikuwa amejifunga khanga mbili, na juu yake koti la marehemu baba, saa saba mchana, wakati mimi nimeshavua hata kilemba kwa joto. Aliugua masika yale, akapona, lakini baridi haikutoka. "Imeingia kwenye mifupa," alisema, "na haijaaga."

Mama alikuwa anakaa kwangu Katindiuka, hapo hapo Ifakara, mwaka wa tatu sasa. Nilimtoa kijijini kwetu, huko juu upande wa Mahenge, baada ya kuanguka akitoka kuchota maji, na nilimtoa kwa mabavu, sifichi. Yeye na mimi tumefanana hasira. Watu wa kwetu husema nyumba tunayokaa wawili haihitaji jogoo. Alikubali kushuka kwa sharti moja: siku ya kusimika msalaba mpya kwenye kaburi la baba, atapanda. Ule wa zamani ulikuwa wa mti na mchwa walishaumaliza. Mdogo wangu wa kiume, aliyebaki kijijini, alikuwa anajenga wa saruji, na misa ilishapangwa mwishoni mwa mwezi wa saba.

Mwezi wa saba kule kwetu maji ya kunawa yanauma vidole, na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Nikamwambia mama hatakwenda. Nilisema ni kwa sababu ya baridi, na ilikuwa kweli, lakini nusu tu ya kweli. Nusu nyingine sikumwambia mtu. Nilijua akipanda hatashuka. Mzee akishakaa kwenye kigoda chake, mlangoni kwake, nani atamwinua? Na mimi nilishamzoea. Nilizoea kumsikia akikohoa chumba cha pili, nilizoea hata kuambiwa wali wangu umelowa. Nilimpenda pale pale alipokuwa, karibu.

Mama hakubisha. Alinitazama tu, akasema, "Basi nitafutie kitu cha kunipa joto, halafu tusikie utakuja na sababu gani."

Jirani yangu ni Msukuma. Yeye na mumewe walikuja na ng'ombe miaka mingi iliyopita, wakati ambapo huku kwetu ukitaja ng'ombe watu wanakunja uso, kwa ajili ya mashamba yaliyokuwa yanaliwa. Nami nilikuwa kati ya waliokunja. Siku hizi ananiletea maziwa ya mgando kila asubuhi, na mtaa mzima hakuna ninayemtania kama yeye. Asubuhi moja alimkuta mama amejikunyata barazani, akamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba kutoka ndani ya koti. Akanigeukia. "Dada, huyu unamfunga khanga kama mzigo wa kuni. Mfumie shali."

Nikamwambia sijui kufuma. Nilijua vitambaa vya makochi kwa kroshia, kama kila mwanamke wa rika langu, na hivyo navyo niliviacha zamani. Akasema kroshia ni kroshia, kufuma kwa sindano mbili ni jambo jingine; yeye alifundishwa bweni huko kwao Kanda ya Ziwa akiwa msichana, na mkono haujasahau. Atanifundisha bure, mradi niache kuwasema ng'ombe wake.

Sindano za kufumia sikuzipata duka lolote la vifaa vya cherehani. Nilipata uzi wa sufu tu, rangi ya ugoro, kwa sababu zilizobaki zilikuwa pinki na kijani cha kuumiza macho. Jirani akacheka, akasema nimesahau naishi mji wa baiskeli. Alikwenda kwa fundi baiskeli, akarudi na spoku tatu za gurudumu, akazinoa ncha kwenye jiwe mpaka zikawa laini, haziparuzi uzi. Ule mwisho uliopinda wa spoku unazuia vitanzi visidondoke. Baadaye nimeziona sindano za dukani, za chuma na za mianzi, na sijaona zilichozizidi spoku zangu.

Sasa kuanza. Ningependa kusema nilishika mara moja, lakini jirani yangu yuko hai na atanisuta. Nilidhani shali ya pembe tatu inaanzia upande mrefu: unaweka vitanzi tele, unapunguza taratibu mpaka ncha. Akasema ipo namna hiyo, ila yetu itaanzia shingoni, katikati kabisa ya ule upande mrefu, pale patakapokaa chini ya kisogo, na itakua ikishuka mgongoni. Unaanza na vitanzi vitatu. Unafuma mistari sita, kwenda na kurudi, unapata kipande kidogo kama ulimi wa mtoto. Halafu unakilaza kile kipande, unaokota vitanzi vitatu kutoka ubavuni mwake, na vitatu vingine pale ulipoanzia. Vinakuwa tisa. Hapo ndipo nilipokwama siku nne.

Tatizo ni kwamba ubavuni hakuna kitanzi kinachokungoja. Unachomeka spoku kwenye fundo, unavuta uzi, unakitengeneza wewe. Mara nilipata viwili, mara vinne. Nilifumua na kufuma mpaka uzi ukaota manyoya. Siku ya tatu nilitupa spoku zote uani, kuku wakatawanyika, nikasema maneno ambayo Jumamosi ilibidi niyapeleke kwa padri. Jirani akaziokota, akazifuta kwenye khanga yake. "Umemaliza?" akaniuliza. "Haya, vitatu." Hakuwa na haraka hata chembe. Mama naye alikuwa pale pale kwenye mkeka, anasuka ukili wake, ule mshipi mrefu wa ukindu ambao ukishapata mwingi unaushona pamoja unakuwa mkeka. Alitazama kila kitu na hakusema neno. Ningekuwa na akili siku ile, kimya chake kingenishtua.

Vitanzi vilipotimia tisa, njia ikafunguka. Vitatu vya mwanzo ni pindo, vitatu vya mwisho ni pindo, na kile cha katikati kabisa ni uti wa mgongo. Jirani akakifunga kipande cha uzi mwekundu nisikipoteze. Kila mstari wa kwenda unaongeza vinne: kimoja ukitoka kwenye pindo, kimoja kabla ya uti wa mgongo na kimoja baada yake, cha mwisho kabla ya pindo la pili. Kuongeza kwenyewe ni kuzungusha uzi juu ya spoku, basi, kinabaki kitundu kizuri. Mstari wa kurudi huongezi kitu. Kumi na tatu, kumi na saba, ishirini na moja. Nilihesabu kwa sauti mpaka mama akaniuliza kama nasali rozari.

Nikanogewa, sina neno jingine. Nilifuma barazani, nilifuma nikisubiri maharage yaive, nilifuma juu ya kichanja shambani nikiwinga ndege wasile mpunga, mikono inafuma na mdomo unapiga kelele. Ilipopanuka tukagawa: bawa la kulia spoku yake, la kushoto spoku yake, na ya tatu ya kufumia. Nilifurahi hata nikasahau kwamba ninafuma ruhusa ya mama kuondoka. Nikikumbuka, mikono inapoa kidogo. Kisha naona vile vitundu vinavyoteremka kwa mstari katikati, naendelea.

Ikaja wiki ya kuvuna. Shali nikaiacha nyumbani, juu ya kiti, maana shambani wiki ile mikono haikuwa na nafasi ya mambo ya uzi. Wakati huo ilikuwa imefika upana wa mikono yangu yote miwili ikinyooshwa nusu. Siku ya nne nilirudi alasiri, nina makapi ya mpunga mpaka kwenye nyusi, nikaona kiti kitupu. Juu ya meza kulikuwa na bonge la uzi wa rangi ya ugoro, limeviringwa vizuri sana, na spoku tatu zimelazwa pembeni yake, zimefungwa pamoja kwa kale kauzi kekundu.

"Nimekufumulia," mama alisema. Alisema kwa upole, kama mtu aliyekupikia. "Ilikuwa inapanuka, mwanangu. Nimetazama wiki zote hizi nikasema ataona mwenyewe. Kila siku inazidi kupanuka, na matundu juu. Huyo jirani yako naye anaona, anakusitiri tu. Nikasema kabla hajafika mwingine kuiona, bora niitoe."

Hapa lazima nieleze, maana aliyelelewa kwingine atadhani mama alifanya uchokozi. Kwetu msichana akifundishwa kusuka ukili, upana wake ni vidole vinne vya mama yake, basi, toka mwanzo mpaka mwisho. Ukili unaopanuka haushoneki, mkeka wake unakaa upogo, na mgeni akiukalia anajua nyumba ile haikufundisha watoto. Lakini ukikosea hutukanwi. Unaamka unakuta kazi yako imefumuliwa kimya kimya, ukindu umelowekwa upya, unaanza, na hakuna aliyejua isipokuwa wewe na mama. Mimi nilifumuliwa hivyo mara ngapi sijui. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuficha aibu ya mtoto. Mama yangu, kwa vidole vyake vilivyopinda, alikaa siku nzima kunifichia aibu.

Haya yote niliyafikiri baadaye. Wakati ule nilikaa chini sakafuni na viatu vya shamba, nikapaza sauti. Nilimwambia mimi nina wajukuu. Nilimwambia shali ya pembe tatu isipopanuka ni kamba. Nilimuuliza nani aliyemtuma. Mama alizikunja khanga zake magotini, akajikunyata ndani ya koti, sikujua ni baridi au ni mimi. Nikatoka nje kabla sijasema la kumpeleka mtu motoni.

Jirani nilimkuta zizini kwake. Nilipomaliza kumweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Akafuta machozi, akasema, "Dada, shukuru. Mimi mama yangu angeiacha hivyo hivyo apate cha kusimulia kwenye harusi." Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikacheka na mimi.

Niliporudi nilichukua khanga moja ya mama, nikaikunja pembe kwa pembe ikawa pembe tatu, nikamtandika mabegani. Nikamgusa kwa kidole chini ya kisogo. "Inaanzia hapa, mama. Hapa palikuwa na vitanzi vitatu. Kisha inashuka, inapanuka, inakufuata mgongo." Nilivuta kidole mpaka kiunoni kwake, na mgongo wenyewe ulikuwa mifupa mitupu.

"Mbona hukusema?" akauliza.

"Mbona hukuuliza?"

"Nimuulize mtoto niliyemzaa?"

Ikabaki hapo. Zilikuwa zimebaki wiki nne kufika siku ya misa, na mpunga ulikuwa bado haujapigwa wala kuanikwa. Shetani akanikalia sikioni. Shali haipo, na aliyeifumua ni yeye mwenyewe. Mama hawezi kupanda milima mwezi wa saba na koti lililotoboka viwiko, na hakuna atakayenilaumu. Ilikuwa rahisi mno. Nilikwenda kulala nikiwa nimeshaamua kwamba uzi ule utakaa pale mezani mpaka mwezi wa tisa, na nililala vizuri, Mungu anisamehe.

Asubuhi nilikuta mama ameshaamka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, bonge la uzi mapajani, spoku zimefunguliwa. Akanisogezea. "Anza," akasema. "Nataka nione hivyo vitatu." Sasa mtu unafanyaje? Nikakaa. Safari hii ulimi ulitoka mara moja, na vitatu vya ubavuni nikaviokota bila hata kutukana. Mama akaviangalia kwa karibu sana, akavihesabu kwa kidole, tisa, na kutoka siku hiyo akawa msimamizi wangu. Kila mstari wa kwenda alinisikiliza. Nikipitiliza uti wa mgongo ananigonga goti. Nikimwambia nimechoka anasema bado bega. Alifurahi, na ilikuwa inaniuma kuona anavyofurahi, kwa sababu nilijua kila kitanzi kinampeleka wapi. Sijui kama na yeye alijua kwamba mimi najua.

Siku ya safari shali ilikuwa bado kwenye spoku. Jirani alikuja kutuaga, akaipima mgongoni kwa mama, haikufika hata katikati. Akanivuta pembeni akaniambia nisihangaike, shali ya kuanzia shingoni ni kamili popote utakapofunga vitanzi. Ikibidi, nifunge tu. Nikaendelea kufuma ndani ya basi, tukavuka daraja, tukaanza kupanda kona za mlimani. Kadiri tulivyopanda mama alizidi kunyooka kwenye kiti. Alitaja mito kwa majina kabla hatujaifikia. Mimi nilifuma bila kuinua macho.

Misa ilikwenda vizuri. Msalaba wa saruji umesimama sawasawa, mdogo wangu amejitahidi, na mama aliushika kwa viganja vyote viwili akaongea na baba kwa Kipogoro, maneno ambayo ni yao, siyaandiki. Siku mbili zilizofuata alizunguka nyumba yake akikagua kila kitu na kukosoa kila kitu, na mke wa mdogo wangu akawa anaitikia "ndiyo mama" nyuma yake kwa subira ambayo mimi sina. Siku ya tatu asubuhi nilitoa mabegi nje. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, na begi lake halikuwepo.

"Mimi nabaki," alisema.

Nilikuwa na miezi minne ya kujiandaa na neno hilo, na bado lilinikuta mtupu. Nikamwambia baridi. Nikamwambia hospitali iko mbali. Nikamwambia shali haijaisha, inafunika mabega tu, ashuke nimalizie wiki mbili, kisha nitampandisha mwenyewe. Nilisikia sauti yangu ikiomba, na mimi si mtu wa kuomba.

"Mwanangu," akasema, "umenitunza vizuri. Sina neno na wewe. Lakini kwako mimi ni mgeni, hata kikombe naomba. Hapa nikikosa kikombe ni changu nimekipoteza mwenyewe." Akanyoosha mkono. "Hiyo ifunge, nivae."

Kufunga ni kazi nyepesi kuliko zote. Unafuma viwili, unapitisha cha kwanza juu ya cha pili, kinabaki kimoja; unafuma kingine, unapitisha tena. Hata mtoto anaweza. Mimi ilinichukua asubuhi nzima. Basi lilipiga honi barabarani, mdogo wangu akakimbia kuwaambia wasubiri, na mimi nafunga kitanzi kimoja kimoja, na mama ananiangalia mikono, hakunihimiza. Nilipokata uzi nikamvalisha. Ncha ya nyuma iliishia kwenye mafupa ya bega. Mabawa hayakukutana mbele mpaka tukayashika kwa pini. Mama akajitazama huku na huku, akapapasa kifua, akaniambia niende, basi litaniacha.

Kesho yake asubuhi Katindiuka niliamka nikamtilia mama maji ya kunawa kwenye beseni kabla sijakumbuka kwamba hayupo. Nikapiga simu. Mdogo wangu akapokea, akampelekea, nikamsikia mke wake akisema kwa mbali ngoja kwanza mama, nikuongezee blanketi la tatu.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba. Nimelala na joto," mama alisema. "Hiyo shali yako ingekuwa kubwa zaidi ingenitoa jasho."

Mama yangu alikuwa hajawahi kunidanganya. Ni mtu wa kukwambia mtoto wako ana sura mbaya siku ya ubatizo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na nilielewa kwamba ndiyo samahani yake ya ile siku ya bonge la uzi, na kwamba hatazungumza zaidi ya hapo.

"Na wewe?" akauliza. "Nyumba ikoje?"

"Nyumba iko vizuri, mama," nikasema. "Wala sioni pengo."

Akasema vizuri. Nilimsikia akipumua, na kuku wake wakilia nyuma yake, na yeye nadhani aliwasikia wangu. Tulikaa hivyo, simu masikioni, kila mmoja akimngoja mwenzake akate, mpaka salio likaisha.